Nimsifuje mwanamke shupavu bila kufunika anachobebeshwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mkuu wa kitengo katika bohari moja ya vipuri, na chini yangu wapo wafanyakazi 40, wanawake wakiwa 13. Mwaka huu nimepangiwa kuzungumza Siku ya Wanawake Duniani na nina hofu. Mwaka juzi mzungumzaji aliwasifu wanawake nusu saa nzima, kisha nikamsikia mmoja wao akimwambia mwenzake, "Sifa nzuri, ila haziingii benki." Mwaka jana tukamwalika mtu aliyesoma takwimu za ubaguzi na ukatili mwanzo hadi mwisho, na mfanyakazi wangu mmoja akaniambia alijihisi kama mgonjwa anayesomewa faili lake mbele ya watu. Niseme nini ili nitambue ushupavu wao bila kujifanya kwamba mambo yameshakuwa sawa? Je, inafaa mwanamume kulisemea jambo hili? Huwa tunatoa pia maua, na cheti kwa mfanyakazi bora wa kike, tuendelee navyo?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Wazungumzaji wako wote wawili walisema kweli, na wote wawili walikosea mahali pamoja. Wa kwanza aliitazama nguvu akasahau mzigo; wa pili akautazama mzigo akamsahau anayeubeba. Vitu hivi viwili ukivitenganisha, kimoja hugeuka ubembelezi na kingine hugeuka huruma, na hakuna mtu mzima mwenye heshima zake anayependa kupewa kimojawapo mbele ya wafanyakazi wenzake. Kwa hiyo usihangaike kupima dakika ngapi ziwe za pongezi na dakika ngapi ziwe za masikitiko. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya nguvu tunayoisifu kwa wanawake imeota penye pengo ambalo mtu mwingine alipaswa kuliziba na hakuliziba.

Mimi mwenyewe, kabla sijaandika neno la sifa, huzigawa nguvu hizo mafungu mawili. Ipo nguvu ya kuweza: ustadi wa fundi, uamuzi mzuri wa msimamizi, jicho la mkaguzi linaloona tarakimu iliyokosewa kabla haijaleta hasara. Hiyo kila mtu angependa iongezeke. Na ipo nguvu ya kuvumilia: kuamka kabla ya wote na kulala baada ya wote, kufanya kazi ya watu wawili kwa ujira wa mmoja, kukatizwa maneno kikaoni na kutabasamu. Nayo ni nguvu ya kweli, wala simdharau aliye nayo, lakini hakuna mzazi anayemwombea binti yake aihitaji. Ukisoma rasimu ya hotuba yako, simama kwenye kila sentensi ya sifa ujiulize kama jambo unalolisifu ungependa mwakani lizidi au lipungue. Ukiona ungependa lipungue, basi sentensi hiyo haiwezi kuishia hapo. Lazima ifuatwe na maelezo ya nini kitafanyika ili lipungue, maana vinginevyo unachomwambia mhusika ni kwamba aendelee kuvumilia, tena kwa lugha tamu.

Niliwahi kualikwa kwenye hafla kama yenu katika ofisi ambayo sitaitaja. Mkurugenzi alipomtaja mfanyakazi bora wa kike, mhasibu wa miaka mingi, kiti cha mhasibu huyo kilikuwa kitupu, kwa sababu alikuwa nyuma ya ukumbi akihangaika na waya wa kipaza sauti kilichokuwa kikikoroma. Akaitwa, akaja mbio akijifuta vumbi mikononi, akapokea cheti, akapigiwa makofi na kupigwa picha, kisha akarudi kulekule nyuma. Hotuba ilisema kwamba yeye ni nguzo ya ofisi. Wageni walipoondoka nilimkuta anakunja viti pamoja na wanawake wengine wanne, na cheti chake kimelazwa juu ya rundo la viti kikiwa na alama ya duara ya chupa ya maji ambayo mtu alikuwa ameitua juu yake. Nikamuuliza ni nani aliyempangia kazi ya viti. Akacheka, akasema hakuna aliyempangia, ila yeye asipoifanya haifanyiki.

Jibu lile nimelibeba mpaka leo. Nguzo, kwa maana iliyotumika siku ile, ni mtu ambaye kazi humwangukia bila kuandikwa popote, na kwa kuwa haikuandikwa popote, haihesabiwi wakati wa kupandisha vyeo. Sifa ya mkurugenzi ilikuwa ya dhati, sina shaka, lakini ilikalia pale ambapo swali lilipaswa kukaa.

Kama unaona kisa cha viti ni kidogo mno, kipo kingine kilichopimwa mbele ya majaji. Lilly Ledbetter aliajiriwa mwaka 1979 katika kiwanda cha matairi cha Goodyear huko Gadsden, jimbo la Alabama nchini Marekani, na kwa sehemu kubwa ya miaka yake 19 pale alikuwa meneja wa eneo, kazi ambayo karibu yote ilishikwa na wanaume. Mwaka 1996 kampuni ilimpa tuzo ya utendaji bora. Mwishoni mwa mwaka 1997 alikuwa mwanamke pekee katika cheo hicho, akilipwa dola 3,727 kwa mwezi, wakati mwanamume wa chini kabisa kwa mshahara katika cheo hichohicho alipokea dola 4,286 na wa juu kabisa dola 5,236. Yeye hakuyajua hayo. Aligundua pale mtu asiyejitaja alipomwachia kikaratasi chenye mishahara ya wenzake. Alishtaki, baraza la wazee wa mahakama likakubaliana naye, lakini mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura 5 dhidi ya 4, kwamba alichelewa, kwa kuwa alitakiwa alalamike ndani ya siku 180 tangu uamuzi wa kumpunja ulipofanywa. Ni kama kumwambia mtu kwamba angepaswa kulalamikia wizi kabla hajajua ameibiwa. Mwaka 2009 Bunge la nchi hiyo lilibadilisha sheria, na sheria hiyo mpya ikapewa jina lake, ingawa mwenyewe hakuambulia chochote katika kesi ile.

Tazama mpangilio wa miaka hiyo, ndugu yangu. Tuzo ilitangulia kikaratasi. Kwa muda fulani mwanamke huyo alikuwa amesifiwa na kupunjwa kwa wakati mmoja, na mwajiri yuleyule, na inawezekana kabisa kwamba waliompa tuzo waliamini kwa moyo mweupe kwamba wanamheshimu. Mfanyakazi wako aliyesema sifa haziingii benki hakuwa mkorofi. Alikuwa anasema kwa maneno machache kile ambacho majalada ya kesi hiyo yanakisema kwa kurasa nyingi.

Pengo la mshahara walau lina karatasi. Pengo la muda halina, na ndilo linalowachosha wanawake wengi zaidi. Mwaka 2018 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti iliyokusanya takwimu za matumizi ya muda kutoka nchi 64, na ikaonekana kwamba kazi za kutunza nyumba na watu zisizolipwa zinachukua saa bilioni 16.4 kila siku, na kwamba zaidi ya robo tatu ya saa hizo ni za wanawake. Kwa wastani mwanamke alitumia saa 4 na dakika 25 kwa siku katika kazi hizo, na mwanamume saa 1 na dakika 23. Tofauti ya saa tatu kwa siku ni saa 21 kwa wiki, karibu nusu ya wiki ya kazi ya mwajiriwa wa kawaida. Na bado saa hizo hazimo katika pato la taifa la nchi yoyote, kwa sababu kanuni za kimataifa za hesabu za taifa huziacha nje huduma ambazo watu wa nyumbani huzifanyia nyumba yao wenyewe. Kazi hiyohiyo, ya kufua nguo zilezile na kumlisha mtoto yuleyule, ikifanywa na mtu aliyeajiriwa, inaingia kwenye hesabu. Kwa hiyo tunaposema kwamba wanawake wanabeba uchumi mabegani mwao, msemo huo una ukweli zaidi ya anavyodhani msemaji, maana sehemu ya mzigo huo imeachwa nje ya vitabu kwa makusudi.

Bila shaka atatokea mtu wa kusema kwamba tofauti hizi zinatokana na wanawake kuchagua kazi nyepesi au kupenda kukaa nyumbani. Hoja hiyo usiipuuze, kwa kuwa anayeitoa mara nyingi ni mtu mwema anayeamini anachosema, lakini pia usiiachie ipite. Claudia Goldin, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2023, alichambua takwimu za Marekani zinazorudi nyuma takriban miaka 200, na akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya pengo la mapato la siku hizi ipo kati ya wanaume na wanawake wa taaluma ileile, na kwamba pengo hilo hufunguka zaidi anapozaliwa mtoto wa kwanza. Kabla ya hapo wanakwenda karibu sambamba. Kazi zinazolipa sana ni zile zinazomtaka mtu apatikane saa yoyote, usiku na mwisho wa wiki, na mtoto naye anataka mtu apatikane saa yoyote; wazazi ni wawili, mmoja lazima arudi nyuma, na kwa kawaida tunajua ni nani. Ukiliita hilo chaguo hujakosea sana, ila ni chaguo linalofanywa na watu wawili huku bei yake ikilipwa na mmoja.

Lugha yetu nayo ina mitego yake, na kwa kuwa wewe utasimama kuzungumza kwa Kiswahili, nitakaa hapa kidogo. Mwanamke akionyesha ujasiri tunamwita jike dume, yaani ushujaa tumeshaupa jinsia kabla hatujamfikia, na yeye akiwa nao tunamhamishia upande wa pili. Mtu anayekaribia kulia tunamwambia ajikaze kiume. Hata mwanamke wa shoka, sifa ambayo wengi wanaipenda na sina ugomvi nayo, inamkopesha chombo ili tuamini. Kuna pia ule msemo wa majukwaani kwamba wanawake wakiwezeshwa wanaweza. Nia yake ni njema, na uwezeshaji wa mitaji na mafunzo ni jambo la maana, lakini usikilize vizuri: unamchukua mtu ambaye tayari anaendesha nyumba, duka na kikundi cha akiba, unamwambia kwamba uwezo wake unasubiri mtu wa kuja kuuwasha. Mara nyingi anachokosa si uwezo. Ni hati ya kiwanja yenye jina lake, mkopo usiodai saini ya mtu mwingine, au msimamizi anayemsikiliza. Na hapo nyumbani, mwanamume anayeosha vyombo tunasema anamsaidia mkewe, kana kwamba vyombo ni vya mke na yeye alipita tu. Jihadhari pia na neno "wetu" katika "wanawake wetu." Hujawahi kumsikia mkurugenzi akifungua mkutano kwa kuwapongeza "wanaume wetu."

Badala ya kusema kwamba wanawake wa kitengo chako hawachoki, jambo ambalo si kweli na linawanyima haki ya kuchoka, taja kazi. Sema kwamba fulani aliona vipuri vinavyoombwa kila siku vimewekwa rafu za mwisho, akachora mpangilio mpya, na sasa mtu hatembei bohari nzima kutafuta kichujio cha mafuta. Sentensi ya namna hiyo haina kivumishi hata kimoja cha kusifu, na bado ni sifa kubwa kuliko shairi, kwa sababu inaonyesha kwamba ulikuwa unatazama. Mwombe ruhusa kwanza kabla ya kumtaja. Wapo wasiopenda kutajwa, na wana sababu zao.

Upande wa pili wa hotuba, ule wa ukosefu wa usawa, nao unahitaji vitu vinavyoshikika. Nenda kwa afisa utumishi kabla ya siku yenyewe, muulize kama wanawake na wanaume wa daraja moja katika kitengo chako wanalipwa sawa, posho zikiwemo, kwa kuwa mara nyingi mshahara wa msingi unalingana na tofauti inajificha kwenye posho na saa za ziada. Angalia orodha ya waliopelekwa mafunzo miaka mitatu iliyopita. Angalia kumbukumbu za vikao: nani huziandika kila mara? Halafu ingia stoo ukaangalie glavu, buti na maovaroli. Mwezi Machi mwaka 2019 shirika la anga la Marekani, NASA, lilikuwa limepanga wanawake wawili, Anne McClain na Christina Koch, watoke pamoja nje ya kituo cha anga za juu, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na wanawake peke yao. Ikabidi mpango ubadilishwe, kwa kuwa wote wawili walihitaji kiwiliwili cha vazi cha saizi ya kati na kilichokuwa tayari ni kimoja. Matembezi hayo yalifanyika Oktoba mwaka huo, Koch akiwa na Jessica Meir. Watu waliofika angani walikwamishwa na saizi ya vazi. Sitashangaa ukiniambia kwamba wanawake wako wanafunga maovaroli yao kwa kamba kiunoni na kukunja miguu ya suruali mara tatu, na kwamba hakuna aliyewahi kuona kwamba hilo ni suala la usalama.

Kuhusu ukatili nakusihi uende polepole, kwa sababu hapo ndipo mzungumzaji wa mwaka jana alipowaumiza watu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, mara nyingi na mwenzi wake mwenyewe. Kwa wastani huo, mbele yako watakaa wanawake 13 ambao huenda wanne kati yao wanaijua takwimu hiyo kwa miili yao. Usiisome kama utabiri wa hali ya hewa, usimwombe yeyote anyooshe mkono, na usimtafute mtu wa kutoa ushuhuda. Linalotosha ni kusema kwamba kudhalilishwa kazini si sehemu ya kazi, kumtaja kwa jina na namba ya simu mtu wa kupelekewa malalamiko, na kusema malalamiko yakifika yanachukua siku ngapi kushughulikiwa. Kama utaratibu huo haupo, usiutangaze, uandae kwanza. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 2019, unazungumzia ukatili na unyanyasaji katika mazingira ya kazi, na afisa utumishi anaweza kuanzia hapo.

Usije pia ukasema kwamba hakuna kilichobadilika, kwa maana hiyo nayo ni njia ya kuwavunjia heshima wanawake, waliobadilisha mengi kwa jasho lao. Mwaka 1995 wabunge wanawake duniani walikuwa takriban 11 katika kila 100. Leo wamezidi kidogo robo. Huko Ufaransa mwanamke aliyeolewa hakuwa huru kufungua akaunti ya benki au kuajiriwa bila idhini ya mumewe mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1965, na Uswisi iliwapa wanawake kura katika chaguzi za kitaifa mwaka 1971. Wako hai watu waliokuwa watu wazima wakati huo. Miaka hiyo inatukumbusha kwamba usawa ni mchanga hata mahali tunapodhani ni mkongwe.

Na yule atakayekuuliza mbona fulani aliweza, mkumbushe habari za Marie Curie. Januari mwaka 1911 Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kilimkatalia uanachama kwa kura chache, akiwa tayari ana Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1903. Mwaka huohuo wa 1911 akapewa ya pili, ya kemia. Anayemtaja yeye kama ushahidi kwamba mlango ulikuwa wazi hajauliza mlango ulimfanyia nini. Kwa kila aliyepenya, kuna wengine wenye akili kama zake ambao hatutawajua.

Siku yenyewe unayoiadhimisha ina asili ambayo wengi wameisahau. Clara Zetkin, mwanaharakati wa Ujerumani, alipopendekeza siku ya kimataifa ya wanawake, katika mkutano wa Copenhagen mwaka 1910, aliitaka iwe siku ya kudai, na iliposherehekewa mara ya kwanza mwaka 1911 huko Austria, Denmark, Ujerumani na Uswisi, waliojitokeza walidai haki ya kupiga kura na haki kazini. Maua yalikuja baadaye. Lakini kisa ninachokipenda zaidi, na ambacho ningekushauri ukisimulie kwa dakika mbili kwa sababu kinabeba nguvu na ukosefu wa usawa katika siku moja, ni cha Iceland tarehe 24 Oktoba 1975. Siku hiyo takriban wanawake 90 katika kila 100 wa nchi ile waliacha kazi, za ofisini na za nyumbani. Viwanda, shule na ofisi nyingi vilisimama au kuyumba, na akina baba wakaenda kazini na watoto wao. Mwaka uliofuata Bunge lilipitisha sheria ya haki sawa, na mwaka 1980 Vigdís Finnbogadóttir akachaguliwa kuwa rais, mwanamke wa kwanza duniani kuwa mkuu wa nchi kwa kura za wananchi. Mzungumzaji wa kawaida angeishia hapo. Wewe ongeza kwamba tarehe 24 Oktoba 2023 wanawake wa Iceland waligoma tena siku nzima, safari hii waziri mkuu Katrín Jakobsdóttir akiwa miongoni mwao, kwa sababu pengo la mishahara na ukatili vilikuwa bado havijaisha katika nchi ambayo mara nyingi hutajwa kuwa inaongoza kwa usawa.

Ninachokipenda katika kisa hicho ni kwamba wanawake wale hawakuonyesha nguvu zao kwa kubeba zaidi. Walizionyesha kwa kutua mzigo kwa siku moja, na uzito wake ukaonekana na kila aliyejaribu kuuinua.

Sasa, je, inafaa mwanamume kusema? Inafaa, tena kwa nafasi yako ni wajibu, kwa kuwa wewe ndiye unayesaini likizo, unayependekeza majina ya mafunzo na unayeamua nani azungumze kikaoni. Kisichofaa ni kuwaeleza wanawake maisha yao. Wao wanayajua. Zungumzia upande unaoujua wewe: ulichokikuta ulipochungulia zile karatasi, ulichokuwa hukioni kabla ya hapo, na badiliko moja ambalo limeshafanyika, lenye tarehe. Nasema limeshafanyika, si litafanyika. Hata likiwa dogo, kama zamu ya kuandika kumbukumbu za vikao kuanza kuzungushwa kwa wote kwa mpangilio wa herufi za majina, lina uzito kuliko ahadi kubwa, na wanaume 27 waliobaki watajua kwamba hotuba inawahusu. Wapo kati yao watakaosema nao wana taabu zao, na wanazo. Waambie kwamba zamu iliyogawanywa vizuri na baba anayepewa ruhusa ya kumpeleka mtoto hospitali bila kuchekwa ni mambo yanayowafaa wao pia. Usiende mbali zaidi ya hapo, maana siku hii si ya kushindanisha taabu.

Kabla ya kuandika rasimu, zungumza na wanawake wako mmoja mmoja, si kwa kikao, na uwaulize swali la kazi badala ya swali la hisia: ni jambo gani unalolifanya hapa ambalo hakuna anayelijua? Andika majibu. Nina hakika hotuba yako yote itakuwa humo, na huenda ukagundua kwamba nusu ya mambo unayodhani yanajiendesha yenyewe bohari pale yana mwenyewe.

Maua endeleeni kutoa. Mtu kupewa ua hakumpunguzii kitu, na wengi huyapenda. Cheti nacho kipo sawa mradi kiandikwe kazi iliyofanyika badala ya sifa za jumla, na nakala iwekwe kwenye faili lake la utumishi ili siku ya kujadili vyeo iwe juu ya meza. Jambo moja tu la utaratibu: orodha ya watakaopanga viti, kufunga kipaza sauti na kusafisha ukumbi ibandikwe wiki moja kabla, iwe ya wanaume watupu kwa siku hiyo, na jina lako liwe la kwanza.